Lango Lisifunguliwe kwa Kambale Mia Nne

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tano

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la *Barazani*,
Beni

Jambo: Malalamiko juu ya hadithi ya "Kisha Radi", pamoja na jibu la msomaji kwa swali la lango

Bwana Mhariri, ndugu yangu katika Bwana,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba mashine yako ya kuchapa imepona, na kwamba herufi R, iliyokosekana mwezi uliopita katika ukurasa mzima wa pili, imerudi nyumbani salama. Ukurasa ule tuliusoma hivyo hivyo. Mke wangu anasema ndio uliompendeza kuliko yote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka thelathini na minane: minne kule Masereka, sita Vuhovi, na iliyobaki hapa mjini. Sijawahi kuandikia gazeti. Wanaonijua watakuambia kwamba nina subira. Niliwahi kungoja kioo cha dirisha la kalasi yangu kwa miaka kumi na mmoja, na kiliwekwa wiki niliyostaafu. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue kwamba jambo limezidi.

Kila Alhamisi, barabara ikikubali, kijana wetu Maliro, ambaye ni motard, mwendesha pikipiki, hutuletea nakala moja ya gazeti lako kutoka Beni. Alasiri watu hukusanyika barazani kwangu nami huwasomea hadithi ya binti yetu Léa Kasonia. Tukiwa wachache tuko kumi na wawili. Nakueleza hili ili ujue kwamba nyuma ya barua hii moja kuna masikio mengi.

Najua wenye magazeti hawana wakati wa kusoma magazeti yao, basi nikukumbushe hadithi yenyewe. Radi Kubwa ilipiga, mbingu ikawa nyeupe miaka saba, na wengi wa wanadamu waliobaki wakageuka, kila kundi kwa namna yake. Kule Masereka wamekuwa Wajani, wenye ngozi ya kijani, ambao hawali chakula, wanakula jua. Kando ya barabara kuna Wavumbi, wenye kope mbili mbili na nywele za puani nene kama brashi. Hapa Butembo, ndani ya ukuta uliojengwa kwa matofali na mabati ya magari yaliyokufa, wanaishi wanaojiita Wazima, kwa sababu hawajabadilika. Na huko Mbau, ndani ya kiwanda kilichoachwa, mashine moja iliamka yenyewe na kutengeneza watu mia nne kwa siku moja ndani ya chupa kubwa za kioo. Hao ndio Watu wa Chupa. Walitoka wakiwa watu wazima, wanajua hesabu, hawana kitovu. Kila chupa iliandikwa jina na namba. Namba zilitofautiana. Jina lilikuwa moja kwa wote: Kambale.

Katika sura ya kumi na moja hao mia nne wamefika mbele ya lango la Butembo, mvua inanyesha, na mlinzi hajafungua. Chini ya sura hiyo umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Msomaji, lango lifunguliwe au lisifunguliwe? Tuandikie kabla ya mwezi kwisha. Sura ya kumi na mbili itafuata sauti ya wengi."

Bwana Mhariri, umetuuliza. Sasa sikiliza.

1. Juu ya neno *moto*.

Katika sura ya kwanza binti yetu ameandika: "Baada ya radi, moto uliangamiza dunia nzima." Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti nzuri. Maliro akasimama.

"Mwalimu, acha kwanza! Kila kitu ni sisi! Mafuta ya esanse ikikosekana, ni ba-motard. Makelele, ni ba-motard. Sasa hata mwisho wa dunia banatuwekea?"

Nilimweleza kwamba ni moto wa kuwaka, si moto ya kupanda, yaani pikipiki. Akasema kama ni hivyo mwandishi angesema, na kwamba yeye amewahi kuona gazeti likisema mambo mabaya zaidi juu ya motard bila kupepesa macho. Ilinichukua sura tatu kumtuliza. Naomba kuanzia sasa mwandishi aandike "moto wa kuwaka" kila mara, hata pale ambapo mtu wa Mombasa angeona ni maneno mengi. Mtu wa Mombasa hapandi moto.

2. Juu ya Wajani.

Mama Adèle, jirani yangu, Mkatoliki mwenye moyo mwema, anauza viazi vya Masereka. Niliposoma kwamba watu wa Masereka sasa wanakula jua, aliweka kikapu chini.

"Na biazi yangu? Batu bakikula jua, mimi nitauzisha nani?"

Ni swali la haki. Lakini mimi nina swali la elimu. Niliishi Masereka miaka minne. Jua la kule hufika saa nne, linatazama mashamba ya kabichi, na saa sita limeshaondoka. Kinachobaki ni ukungu. Mtu anayekula jua hawezi kunenepa Masereka. Mwandishi ameweka taifa zima la walaji jua mahali pekee katika Lubero ambapo tungeweza kuwahurumia. Ama wahamishwe, ama waruhusiwe supu.

Tena kuna suala la mgeni. Ukimtembelea Mjani, kwa mujibu wa sura ya nne, anakukaribisha kwa kukutolea kiti uani, upande wenye jua, basi. Ndiyo karamu. Mchungaji wetu alikuwepo siku hiyo. Aliposikia, aliuliza kama Wajani hao wana parokia yao au wanategemewa kutembelewa na sisi.

3. Juu ya Wavumbi.

Hawa si watu wa kubuni. Wapo. Njoo uone barabara yetu mwezi wa saba. Naomba waondolewe katika hadithi na wapelekwe kwenye ukurasa wa habari.

3 bis, yaani ya tatu tena. Nimeona pia katika sura ya sita kwamba Mvumbi mmoja ameoa Mjani. Sikatai ndoa. Nauliza tu: mtoto wao, gari likipita na kumwaga vumbi juu yake, atakula nini mpaka vumbi litulie?

4. Juu ya majina ya Watu wa Chupa. Hapa ndipo penye uzito, Bwana Mhariri, na ningependa uketi.

Binti yetu Léa ni wa Beni, na jina lake la Kasonia linanionyesha kwamba si mgeni wa mambo haya. Lakini gazeti lako laweza kufika hata Kisangani, basi nieleze.

Kwetu sisi Wanande mtoto hachaguliwi jina lake la kwanza, analikuta likimngoja. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, au Nzanzu, au Mumbere, kutegemea mambo ambayo nitakueleza ukiniandikia. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wengine wanaendelea na wa saba, sitaki ugomvi. Wasichana nao wana mpango wao, ambao mke wangu ameniomba nisiueleze kwa sababu nitauharibu. Mtu akitaja jina lake, umekwisha kujua alilala upande gani wa kitanda, na ni nani aliyevaa kaptula yake kabla yake. Mimi mwenyewe nina jina la namba, kama kila mtu hapa, wala hilo si jambo la barua hii.

Sasa tazama. Mashine inatoa watu mia nne, na wote ni Kambale. Wote ni wa pili! Hakuna wa tatu, sawa, labda mashine ilichoka. Lakini wa kwanza yuko wapi? Hakuna Paluku hata mmoja katika kiwanda kizima. Nilirudia sura ya saba mara tatu nikimtafuta, hata katika mistari midogo ya chini.

Nilijaribu kumsaidia mwandishi. Nilichukua karatasi. Nikasema: tuseme mashine ni mama. Wa kwanza kutoka awe Paluku, wa pili Kambale, tuendelee hivyo mpaka Mbusa, kisha tuanze upya na mama mwingine. Mia nne kugawanya kwa sita ni mama sitini na sita, na wanabaki watu wanne wasio na familia iliyokamilika. Mashine moja haiwezi kuwa mama sitini na saba. Nilifuta hesabu hiyo.

Nikasema tena: tuseme kila chupa ni mama wa mtoto mmoja. Hapo wote wanakuwa Paluku mia nne. Ingekuwa shida sokoni, mtu akiita jina moja soko zima likageuka, lakini ingekuwa shida halali. Nami nimefundisha kalasi yenye Kasereka kumi na tisa, nilimudu. Lakini mwandishi hakutaka njia hiyo. Ameshikilia Kambale.

Kambale asiye na Paluku ni kama darasa la pili katika shule isiyo na darasa la kwanza. Ni jina lenye madai. Linasema "kuna mtu aliyenitangulia", na mtu anayedai kutanguliwa lazima aweze kumwonyesha aliyemtangulia. Akiwa hai, atuonyeshe nyumba yake. Akiwa amekufa, atuonyeshe kaburi. Asipoweza kimoja wala kingine, basi jina hilo ni la uongo, na mtu mwenye jina la uongo hana mahali pa kusimama katika mji wa watu waliohesabiwa.

Sijasema neno juu ya kitovu. Mtu asiye na kitovu hawezi kuulizwa kilizikwa wapi, na kwa hiyo mazungumzo ya kwanza kati yake na mkwe wake yatakuwa mafupi sana. Lakini hilo naliacha.

5. Juu ya yule wa mia moja na kumi na saba.

Nakubali kwamba mwandishi anajua kazi yake. Huyu Kambale wa Mia Moja na Kumi na Saba ametangulia mbele ya mstari kwa sababu, kati ya wote mia nne, ni yeye pekee aliyejifunza kusalimia. Alifundishwa na bibi mmoja Mvumbi njiani. Bahati mbaya walikutana jioni, kwa hiyo anajua salamu ya jioni tu, naye huitumia tangu asubuhi. Nyuma yake wenzake wamejipanga kwa namba kwenye mvua. Kila mmoja ameshika jani la mgomba juu ya kichwa cha aliye mbele yake, kwa sababu katika hesabu yao ndivyo watu wengi zaidi wanavyokingwa. Ni wa mwisho tu, yule wa mia nne, ambaye hana mtu nyuma yake wa kumkinga. Wanatetemeka, wala hawajui kwamba kutetemeka kule kunaitwa baridi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Mke wangu Kavuo alifuta macho hapo. Ilikuwa moshi wa jikoni.

Ndipo mlinzi wa lango, huyo Sadrack wa hadithini, anauliza lile swali ambalo kila mlinzi ana haki ya kuliuliza: "Wewe mtoto wa nani?" Naye anajibu: "Mimi wa pili." Mlinzi anauliza: "Wa pili baada ya nani?" Na sura inaishia pale.

Inaishia pale, Bwana Mhariri, kwa sababu jibu halipo! Mwandishi mwenyewe amefika ukutani. Mlinzi Sadrack ameuliza kama ambavyo ningeuliza mimi. Nilifunga gazeti na kuwaambia watu wa barazani: mnaona sasa, jina bila Paluku linafika mpaka langoni, halipiti.

Hapo mpangaji wetu Eliane, ambaye kwa kawaida husikiliza huku akichambua maharage na hasemi, alisema: "Mwalimu, ile lango niliiona."

Nieleze, kwa sababu wewe humjui. Eliane alikuja kutoka upande wa Mbau, akikimbia vita, mwaka wa pili sasa, na godoro kichwani. Mbau yenyewe, namaanisha, si ile ya hadithi. Alipofika mjini alikaa siku nzima mbele ya biro moja, ofisi ya serikali, ambayo sitaitaja. Mwenye biro alimwuliza: "Uko mutoto wa nani? Nani anakujua hapa?" Hakuwa na karatasi, zilibaki kule. Mke wangu alikuwa katika foleni hiyo hiyo kwa shughuli nyingine kabisa. Akasema kutoka nyuma: "Mimi namujua."

Hakuwa anamjua. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Mwenye biro aliandika, akagonga muhuri, na Eliane akaja kwetu na godoro lake. Nilimwuliza Kavuo usiku huo kwa nini alisema uongo mbele ya muhuri wa serikali. Akanijibu kwamba haukuwa uongo, ulikuwa umetangulia tu, maana kufikia Jumapili angekuwa anamjua.

Nimeyataja haya kwa ukamilifu tu. Sioni yanavyohusiana na lango la hadithini. Eliane ana kitovu.

6. Juu ya ombi langu binafsi.

Kwa kuwa mji wa hadithi hauna mtu wa kupima mambo haya, na kwa kuwa mlinzi Sadrack, ingawa ni mtu makini, hana elimu ya kutosha, naomba niwekwe mimi ndani ya sura ya kumi na mbili. Sihitaji nafasi kubwa. Niwe Mhesabu Majina wa Lango la Kaskazini, mwenye kiti, meza, mwavuli na kalamu nyekundu. Pasiwe na mtu anayeingia Butembo bila sahihi yangu, awe wa chupa, wa jani au wa vumbi. Anayetaja jina la pili aonyeshe wa kwanza, wa tatu aonyeshe wawili, na wa sita aje na familia nzima. Nikishamaliza wanaotaka kuingia, niruhusiwe kuwahesabu upya walio ndani, maana nimeanza kuwa na mashaka na baadhi ya Wazima. Katika sura ya tisa kuna Kakule mmoja ambaye sikuona ndugu zake.

Mshahara sidai, najua hadithi hazilipi. Ningeomba koti tu, kwa ajili ya mvua ile.

7. Hitimisho.

Kwa sababu zilizotajwa hapo juu, sauti yangu ni hii: LANGO LISIFUNGULIWE. Mia nne warudi Mbau, waulize mashine yao wa kwanza ni nani, wakipata jibu waje tena kwa mpangilio, nami nitawapokea kwa furaha kubwa na kwa salamu ya saa inayofaa.

Maliro amekubaliana nami, kwa hasira ya neno *moto*. Mama Adèle amekubaliana nami mpaka suala la viazi litakapotatuliwa. Mchungaji anaendelea kuomba juu yake. Eliane hakupiga kura, aliingia jikoni. Mke wangu amesema atatoa sauti yake akishaisoma barua hii, kwa kuwa yeye naye alikuwa mwalimu na haamini nukta zangu.

Nisalimie wote walio bironi kwako, yule anayepanga herufi na yule anayezipoteza. Msalimie binti yetu Léa, na mama yake aliyemlea akawa mtu wa kutusumbua namna hii. Mwambie kwamba tunamsoma kwa makini kuliko anavyodhani. Wasalimie wasomaji wa Oicha na wa Lubero, Wakatoliki na Waprotestanti. Ukipita Masereka na ukamkuta mtu mwenye ngozi ya kijani, msalimie naye, umsogeze penye jua.

Nabaki mtumishi wako na msomaji wako mwenye subira,

Mwalimu K. Syauswa Abdias
mwalimu mstaafu, Butembo

Nakala kwa:
— Binti Léa Kasonia, Beni
— Mchungaji wetu
— Mlinzi Sadrack, kupitia kwa mwandishi

Nyongeza, baada ya sahihi

Bwana Mhariri, mke wangu amemaliza kusoma. Amesahihisha nukta nne. Halafu amefika kwenye sahihi, akapigia ile herufi K mstari mwekundu, akaandika pembeni, kama tulivyokuwa tukiwaandikia watoto wa shule: *Andika jina lote.*

Nikamwambia kila mtu hufupisha. Akasema: "Watu mia nne umewahukumu kwa jina lao zima." Nikaandika jina lote. Kambale.

Akaniuliza, bila ukali wowote: "Na Paluku wako iko wapi, baba? Onyesha nyumba. Ao onyesha kaburi."

Nina miaka sabini na miwili, na hilo sijawahi kuulizwa. Baba yangu alipokuwa kijana alienda upande wa Mbau kufungua shamba la kahawa, na mama akaenda naye. Paluku alizaliwa kule. Aliishi siku tisa. Walimzika kando ya njia, wakaweka jiwe. Kisha njia ikapanuliwa, msitu ukarudi, wazazi wakahamia huku, na wote walioliona jiwe lile wamekwisha kufa. Sina nyumba ya kuonyesha, wala kaburi. Nina kaptula ambayo hakuwahi kuivaa.

Lakini nakumbuka hili. Watu walipomwambia mama yangu, "Huyu ndiye wa kwanza wako, amekua!", hakukubali hata siku moja. Alikuwa anaacha kazi aliyoshika, ananiwekea mkono kichwani na kusema: "Hapana. Huyu ni wa pili." Nilipokuwa mdogo niliona ananipunguza. Sasa, nikiwa mzee, na kwa msaada wa kalamu nyekundu, nimeelewa kwamba hakuwa ananihesabu mimi. Jina langu halikuwa madai ya kuthibitishwa langoni. Lilikuwa ndilo kaburi lenyewe, na mimi ndiye niliyelibeba.

Nikakaa na barua mkononi. Nikasema, kwa sauti, lakini kwangu mwenyewe: sawa, mimi nilikuwa na Paluku, hata kama haonekani. Hawa wa chupa je, wa kwanza wao ni nani?

Eliane alikuwa kwenye maharage yake. Hakuinua kichwa. "Ni sisi, Mwalimu. Batu ba kwanza, benye balikuwako mbele ya radi kupiga. Sisi njo Paluku yao."

Nilifundisha miaka thelathini na minane, na somo hilo sikuwa nalo katika daftari langu. Mwambie Léa kwamba nimechelewa, lakini nimefika.

Ningeandika barua nzima upya, ila karatasi imekwisha, na Maliro ameshawasha moto, ile ya kupanda, anaunguruma mlangoni anataka kufika Beni kabla ya mvua. Kwa hiyo nakuomba ufute kwa mkono wako namba 4, namba 5 na namba 6, isipokuwa koti. Namba 2 na namba 3 ufanye upendavyo. Namba 1 ibaki. Maliro amesema bila hiyo habebi barua.

Na sauti yangu sasa, badala ya ile ya namba 7, ni: LIFUNGULIWE. Mke wangu, vilevile. Eliane, vilevile, ameniambia niandike jina lake lote, Eliane Kahongya, lisifupishwe.

Mniweke katika sura ya kumi na mbili kama nilivyoomba, lakini bila meza, na upande wa nje wa lango, mwisho kabisa wa mstari. Yule wa mia nne hana mtu wa kumshikia jani, nitamshikia. Na mlinzi Sadrack akiuliza watu hawa ni watoto wa nani, na nani anayewajua hapa, muandike kwamba sauti imetoka nyuma ya mstari, ya mzee mmoja, Kambale wa Mia Nne na Mmoja: "Mimi nabajua."